Mtandao, vizunguko au tangi na bomba? Uchore mchoro upi kuelezea mfumo mgumu (mfano ni sangara wa Ziwa Victoria)

Mtu akiambiwa achore mfumo, iwe ni kwa ajili ya tasnifu, ripoti ya mradi au kumwelewesha bosi, mara nyingi anachora viduara, anaviunganisha na mishale, anapaka rangi tatu nne, kazi imeisha. Ukimuuliza huu mshale kutoka "serikali" kwenda "umaskini" maana yake nini anakujibu "si vinahusiana". Sawa vinahusiana, lakini duniani humu kipi hakihusiani na kingine? Mchoro wa namna hiyo hata ukiwa mzuri kiasi gani haukuambii kitu ambacho ulikuwa hukijui kabla ya kuuchora.

Mimi naona watu wanahangaika sana na viduara (nodi) wakati kazi yote iko kwenye mshale. Mshale ukiwa na maana ya "huyu anamla yule" huo ni mchoro wa aina moja, ukiwa na maana ya "hiki kikiongezeka kile kinapungua" ni aina nyingine kabisa, na ukiwa na maana ya "tani kadhaa kwa mwaka zinatoka hapa zinaenda pale" ni ya tatu. Ukichanganya zote kwenye karatasi moja hata wewe mwenyewe baada ya wiki huelewi ulimaanisha nini.

Tuchukue mfano mmoja tuupitishe kwenye michoro yote mitatu ndo utaona tofauti. Ziwa Victoria, sangara. Kwa ufupi kwa wasioijua hii habari: sangara sio wa pale, aliletwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya miaka kama ishirini hivi halafu miaka ya 1980 akalipuka. Kabla yake ziwa lilikuwa limejaa furu, wale samaki wadogo wadogo, aina zaidi ya 500, na aina nyingi sana kati ya hizo zikapotea. Baadae vikaja viwanda vya minofu, Ulaya ikawa mteja mkubwa, biashara ya mabondo (vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki) ikashika kasi, na hapo katikati likaingia gugu maji. Ukitaka mfumo wenye mambo mengi yanayogusana huu unakutosha.

Mtandao: nani ameunganika na nani

Huu ndo mkongwe kuliko yote. Mwanahisabati Euler mwaka 1736 alikuwa anashughulika na madaraja saba ya mji wa Königsberg, swali likiwa je mtu anaweza kuyapita yote kila moja mara moja tu, akafuta kila kitu, urefu wa daraja, upana wa mto, mitaa, akabakiza vipande vinne vya ardhi na viunganishi saba, akaonyesha haiwezekani. Nguvu ya mtandao iko hapo hapo kwenye kufuta, na udhaifu wake pia uko hapo hapo, tutaona.

Kwa ziwa letu mtandao wa kwanza unaokuja kichwani ni wa nani anamla nani. Angalizo dogo hapa maana linawakosesha watu maksi: wanaikolojia wanachora mshale kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, kwa sababu wanafuata chakula kinakokwenda. Kwa iyo ni dagaa kwenda sangara, sio sangara kwenda dagaa.

Ukichora mtandao wa miaka ya 1960 unapata msitu, furu wa kula vijidudu vya majini, furu wa kula konokono, furu wa kula mwani, furu wanaokula furu wenzao. Chora wa mwishoni mwa 1980 unabaki na nodi chache nene: sangara, dagaa, sato (naye wa kuletwa), na uduvi wa ziwani. Halafu kuna mshale mmoja wa ajabu unaotoka kwa sangara unazunguka unarudi kwa sangara mwenyewe, maana mkubwa anakula watoto wa kwake. Hiyo michoro miwili ukiiweka ubavu kwa ubavu huhitaji maelezo ya kurasa kumi, mtu anaona kwa macho kilichotokea. Kwa kazi ya kuonyesha muundo, yaani nani yupo na nani katoka na nani kabaki tegemeo la wangapi, sijaona kinachoushinda mtandao.

Kwenye biashara ndo unazidi kunoga. Weka mialo (kule mitumbwi inakoshushia samaki), mawakala, viwanda, masoko. Samaki mbichi wanapanda kwenye gari za barafu kwenda kiwandani, minofu inaenda nje, mapanki (vichwa na mifupa inayobaki baada ya kukata minofu) yanabaki yanaliwa huku huku. Dagaa na kayabo (sangara wa kukaushwa kwa chumvi) wanapita soko kama Kirumba pale Mwanza wanaelekea mpaka Kongo. Sasa uliza swali: nodi gani ikifungwa mfumo unakatika? Mtandao unajibu, na unajibu kwa hesabu. Kuna kipimo cha kuhesabu tu nodi ina viunganishi vingapi, na kuna kingine cha kuangalia njia fupi ngapi kati ya nodi nyingine zinalazimika kupita hapo. Havifanani hata kidogo. Wakala mmoja anaweza kuwa na watu wawili tu, mmoja upande wa visiwani mwingine upande wa wanunuzi wa Kongo, ukihesabu viunganishi anaonekana si lolote, ukihesabu njia unakuta mzigo wote wa upande mmoja unapita mkononi mwake. Ukitaka kujua nani ana sauti kwenye biashara, kipimo cha pili ndo cha kuangalia.

Ila sasa udhaifu. Mtandao haujui muda. Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa kwa vipindi kati ya 1997 na 2000, mtandao unaweza kukuonyesha ni mishale ipi imekatika, lakini haukuambii bei itashuka kwa kasi gani, wavuvi watahamia kwenye dagaa baada ya muda gani, wala kama samaki watapata ahueni ya kuzaliana. Na kitu kingine, mtandao wa nani anamla nani hauna mahali pa kuweka kitu kisichokula wala kuliwa. Mfano maji kuchafuka. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha kazi yao kwamba furu majike wanachagua madume kwa rangi, maji yakiwa na tope na mwani mwingi rangi hazionekani vizuri, aina zinaanza kuingiliana na zinapotea bila kuliwa na mtu. Hiyo utaichora wapi kwenye mtandao wa chakula? Hakuna pa kuiweka.

Vizunguko vya sababu: hiki kikipanda kile kinafanyaje

Hapa nodi sio viumbe tena wala watu, ni vitu vinavyoweza kupanda na kushuka. Sio "wavuvi" bali "idadi ya mitumbwi". Sio "soko" bali "bei ya kilo". Ukiona mtu kaandika "serikali" kama nodi kwenye mchoro wa aina hii jua kashapotea, serikali haipandi wala haishuki, labda aandike "idadi ya doria kwa mwezi".

Mshale una alama. Jumlisha maana yake vinaenda pamoja, hiki kikipanda na kile kinapanda, kikishuka nacho kinashuka. Kutoa maana yake vinapishana. Halafu unatafuta mahali mishale inapozunguka ikarudi ilipoanzia, unahesabu alama za kutoa kwenye huo mzunguko. Zikiwa moja au tatu, yaani namba witiri, mzunguko unajirekebisha, ukisukuma huku unakurudisha. Zikiwa mbili au nne au hakuna kabisa, mzunguko unajichochea, ukianza kupanda unazidi kupanda, ukianza kuporomoka unazidi kuporomoka.

Tujaribu. Sangara wengi, kila mtumbwi unapata samaki wengi (+), faida inapanda (+), watu wanaongeza mitumbwi (+), sangara wanapungua (−). Kutoa moja tu. Inajirekebisha: samaki wakipungua faida inapungua, watu wanaacha kuvua, samaki wanarudi. Ukiishia hapo unaweza kulala usingizi ukisema ziwa litajirekebisha lenyewe.

Ila ongeza nodi moja tu, bei. Sangara wakipungua bei inapanda (−), bei ikipanda faida inapanda (+), mitumbwi inaongezeka (+), sangara wanazidi kupungua (−). Kutoa mbili. Hiyo inajichochea, na mabondo yanaisukuma zaidi maana bei ya bondo ni kitu kingine kabisa, mvuvi anaweza kupata samaki wachache na bado akaona safari imelipa. Ziwa ni lile lile, wavuvi wale wale, vizunguko viwili vinavutana, na ukienda kwenye kikao na kizunguko kimoja tu utatoa ushauri wa hovyo kwa kujiamini kabisa.

Kuna kingine kinachonifurahisha zaidi, kile kimya cha miaka ishirini. Kuna watafiti wenye hoja kwamba furu walipokuwa wengi ndo walikuwa wanawabana sangara wachanga, ama kwa kugombea chakula ama kwa kuwala. Kwa iyo furu wengi, sangara wachanga wachache (−), na sangara wakubwa wengi, furu wachache (−). Kutoa mbili, inajichochea. Maana yake mfumo una hali mbili za kutulia, ya furu na ya sangara, na ukishasukumwa ukavuka mstari unaporomokea upande wa pili. Ni hoja, watu bado wanabishana nayo, lakini ona mchoro wa nodi mbili tu ulivyoibua swali ambalo mtandao wa chakula wa nodi sitini ungelificha.

Na yale maji machafu yaliyokosa nafasi kule juu hapa yanaingia bila shida: mbolea na maji taka, mwani, uonekanaji wa rangi, idadi ya aina za furu. Twende.

Tatizo kubwa la vizunguko ni utamu wake. Mtu akishajua kuongeza nodi haachi. Mwaka 2009 huko Kabul maafisa wa jeshi la Marekani walionyeshwa slaidi ya vizunguko kuhusu vita ya Afghanistan, mishale imepishana kila kona kama sahani ya tambi, na Jenerali McChrystal aliyekuwa anaongoza majeshi pale akatania kwamba siku tutakayoielewa slaidi hii tutakuwa tumeshinda vita. Ukumbi ukacheka. Kwa haki kabisa ule mchoro haukuwa wa kijinga, mambo yale kweli yanagusana vile, shida ni kuuonyesha mzima mzima kwa mara moja. Vizunguko vinajengwa mbele ya watu kimoja kimoja, ukifika kama cha nne pumzika. Mimi nikiona zaidi ya nodi kumi na tano kwenye ukurasa mmoja huwa najua mchoraji alikuwa anajiridhisha mwenyewe.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi: kile cha kujirekebisha na kile cha bei kinachojichochea, kipi kinashinda? Mchoro haujui. Unakuambia pande mbili zinavutana, hausemi nani ana misuli. Hapo ndo inabidi uhamie kwenye namba.

Tangi na bomba: kiasi gani, kwa muda gani

Jay Forrester alianza haya mambo kwenye chuo kikuu cha MIT, Marekani, miaka ya 1950, kazi yake ya mwanzo ikiwa kuangalia kwa nini ajira kwenye kiwanda cha General Electric zinapanda na kushuka. Kwenye mchoro wake kuna matangi, vitu vinavyojikusanya (samaki ziwani, mitumbwi, pesa benki), na mabomba, vinavyoingia na kutoka kwa kipindi fulani (samaki wanaozaliwa kwa mwaka, wanaovuliwa kwa mwaka). Mishale myembamba ya pembeni inaonyesha nini kinafungua au kufunga koki. Njia rahisi ya kutofautisha: simamisha muda. Vitu ambavyo bado unaweza kuvihesabu muda ukiwa umesimama ni matangi. "Samaki waliovuliwa kwa mwaka" muda ukisimama haipo.

Sasa angalia kitu ambacho michoro miwili ya juu isingekuambia hata uichore mwaka mzima. Namba hizi ni za mfano tu, sio takwimu za ziwa. Tuseme ziwa dogo lina uwezo wa kubeba tani 1,000 za samaki, na kwa sasa wapo tani 500. Samaki wanaongezeka kwa kanuni ya kawaida, kiwango cha 0.5 kwa mwaka kikipunguzwa kadri ziwa linavyojaa, kwa iyo wakiwa 500 ongezeko ni 0.5 × 500 × nusu (nusu ndo sehemu ya ziwa ambayo bado haijajaa), yaani tani 125 kwa mwaka. Hilo ndo ongezeko kubwa kuliko yote ambalo ziwa hilo linaweza kutoa.

Ukivua tani 120 kila mwaka: samaki wanapanda taratibu, 505, 510, wanasogea wanaenda kutulia kwenye 600. Raha mustarehe.

Ukivua tani 140 kila mwaka, yaani umeongeza 20 tu: mwaka wa kwanza wanabaki 485. Wa tano wapo kama 421. Wa kumi kama 309. Mpaka hapo kila mtu anasema ah, wamepungua kidogo, mvua zitarudi. Mwaka wa kumi na tano wamebaki kama tani 35, wa kumi na sita hakuna kitu. Miaka mitano ya mwanzo walipungua 79, mitano ya mwisho wakapungua zaidi ya 270, na uvuvi haukubadilika hata kilo moja.

Kwenye mchoro wa vizunguko, 120 na 140 ni mshale ule ule wenye alama ile ile ya kutoa. Ndo maana ukiulizwa swali la "kiasi gani" au "lini" usijibu kwa vizunguko, hata kama ulivichora vizuri. Maswali kama tufunge ziwa kwa dagaa kwa siku ngapi, au sheria ya kutovua sangara chini ya sentimita 50 italeta nafuu baada ya miaka mingapi, hayo ni ya tangi na bomba. Hiyo ya sentimita inataka uwe na matangi mawili, wachanga na wakubwa, na bomba la kukua katikati. Ukiweka tangi moja jibu linatoka la uongo, maana mfumo utadhani samaki wote wanazaa.

Gharama yake ni namba. Kila bomba linataka kanuni, kila kanuni inataka takwimu, na takwimu za mialoni unazijua zilivyo, mzigo mwingine unauzwa katikati ya maji haufiki hata mwaloni. Mtu anajaza namba za kukisia, programu inatoa grafu safi ya rangi, watu wanaiamini kwa sababu ni grafu. Kama unakisia, bora ubadilishe hilo kisio juu na chini uone jibu linayumba kiasi gani. Likiyumba sana sema wazi kwenye ripoti.

Mingine ya kupitia haraka

Kuna mitandao ya Bayes, ya Judea Pearl, ambayo mshale ni uwezekano: ikiwa mvua ni kubwa, uwezekano wa gugu maji kuziba mwalo ni asilimia fulani. Nzuri kwa kufanya uamuzi ukiwa na taarifa pungufu, hospitali na bima wanaipenda, lakini hairuhusu mzunguko kabisa, mshale ukirudi ulipotoka mfumo unakataa. Kwa ziwa letu ambalo kila kitu kinazunguka, labda kwa swali moja la pembeni.

Kuna na ramani za mawazo za Kosko (1986), kwa Kiingereza fuzzy cognitive maps, hizi ni kama vizunguko lakini kila mshale una uzito kati ya −1 na 1. Ukikaa na wavuvi mwaloni hii ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, maana unamuuliza mzee "hii inaathiri sana, kiasi, au kidogo?" anakujibu palepale, hakuna mtu anayemuuliza tani kwa mwaka. Halafu unalinganisha ramani ya wavuvi na ya maafisa uvuvi uone wanapishana wapi. Usije tu ukasoma matokeo yake kama tani, ni mwelekeo tu.

Kwa hiyo uchukue upi

Kama swali lako linaanza na "nani" au "wapi pakikatika", chukua mtandao. Likiwa "kwa nini hali inajirudia kila tukirekebisha", vizunguko. Likiwa "kiasi gani" au "lini", tangi na bomba hata kama hulipendi. Na kama bado huna swali usichore kwanza.

Kwa mwanafunzi mwenye miezi michache ningesema vizunguko viwili au vitatu, halafu kile kimoja kinachobishaniwa kigeuze tangi na bomba. Mtandao uache kama huna data ya viunganishi, maana kuikusanya ndo kazi yenyewe, kumuuliza kila mfanyabiashara unauzia nani unanunua kwa nani sio mchezo na wengi hawatakwambia. Kwa watu wa miradi mnaoenda kukaa na jamii, vizunguko au ramani za mawazo, kwa karatasi kubwa na kalamu nene, laptop ifungwe, mtu akishaona skrini anaacha kukukosoa. Kwa wataalamu wa samaki wenye takwimu za uzito na lishe kuna Ecopath with Ecosim, ya bure, inachukua mtandao wa chakula inauwekea kiasi na muda, yaani inaunganisha wa kwanza na wa tatu, na imeshatumika kwenye hili hili Ziwa Victoria. Ila ujipange, ni mlima.

Upande wa vifaa: vizunguko vya kujifunzia tumia Loopy, inafungukia kwenye brauza, unachora kwa kidole na unaona vinavyosukumana. Tangi na bomba kuna Vensim PLE, bure kwa masomo na matumizi binafsi, au Insight Maker ya kwenye brauza kama kompyuta yako ni nyonge. Stella ni nzuri ila ya kulipia. Mtandao ukiwa na nodi nyingi tumia Gephi, orodha yako iwe kwenye Excel safu mbili tu, anayetoa na anayepokea, halafu uisevu kama CSV. Ukiwa na nodi chini ya ishirini Graphviz inatosha, unaandika mistari ya maandishi yenyewe inapanga. Na ule mfano wa tani 120 na 140 hauhitaji programu yoyote, Excel kwenye simu, safu tatu, mwaka, samaki, ongezeko, unaburuta chini mistari kumi na sita. Badilisha 140 iwe 126, uburute mistari mingi zaidi, uone inachukua miaka mingapi.